Nzi wa msimu wa maembe hawamalizwi na bomba la dawa

Ndugu Mhariri,

Kila ifikapo Novemba, maembe yanapoanza kudondoka hapa Tabora, ukurasa wenu wa barua hujaa malalamiko ya nzi, na karibu kila barua huishia na ombi lilelile: halmashauri ije ipulize dawa. Mwaka huu ombi limerudi. Naomba nafasi nieleze kwa nini bomba la dawa, hata likipita kila mtaa, litawapa watu nafuu ya siku tatu nne tu, na fedha hiyohiyo ingefanya nini kama ingetiwa kwenye mafuta ya gari la taka.

Kwanza tuelewane ni nzi gani. Simsemi inzi wa matunda, yule wa hudhurungi mwenye alama za njano na kiuno chembamba, anayetoboa embe likiwa bado mtini na kutaga ndani yake. Huyo alionekana Kenya mwaka 2003 na Tanzania mwaka huohuo, na ni vita ya mkulima. Mabuu unayoyakuta ukipasua embe ni yake, na hayatageuka kuwa nzi wa jikoni. Wala sisemi vile vijinzi vya milimita tatu vinavyozunguka ndizi mbivu. Nzi wa nyumbani ni wa kijivu, ana urefu wa milimita sita hadi saba, na mgongoni, nyuma tu ya kichwa, ana mistari minne myeusi. Embe zima hana shida nalo. Anachotafuta ni maganda na kokwa zilizotupwa, zikalowa mvua ya kwanza, zikaanza kuchacha.

Hapo ndipo hesabu ya siku inapoanza, na asiyeijua hesabu hii atapuliza dawa mpaka achoke. Jike hutaga mayai 100 hadi 150 kwa mkupuo mmoja, meupe, yenye urefu wa milimita moja hivi, na huyasukumia kwenye nyufa za kitu kinachooza ili jua lisiyakaushe. Hurudia mara kadhaa maishani, jumla kama mayai 500. Mayai huanguliwa kabla ya siku moja kwisha. Mabuu hula mfululizo kwa siku nne hadi sita, hujivua ngozi mara mbili, na kufikia urefu wa milimita 10 au 12. Yakishiba hubadilika tabia kabisa. Yaliyokuwa yakifuata unyevu na joto la takataka sasa yanataka ukavu na giza. Hutoka kwenye lundo, hutambaa, mara nyingine mita kadhaa, na kujichimbia kwenye udongo mkavu wa pembeni. Hapo ngozi ya mwisho hukakamaa ikawa ganda la kahawia, na ndani yake nzi hujengeka kwa siku tatu hadi sita. Kwa joto la nyuzi 30, ambalo Tabora tunalo kuanzia Oktoba, safari nzima kutoka yai hadi nzi arukaye ni siku nane hadi kumi. Kwenye baridi ya nyuzi 16 huchukua zaidi ya mwezi. Ndiyo maana Njombe mwezi wa Julai husikii watu wakililia dawa ya nzi.

Sasa chukua ghuba la taka la kawaida: kuta tatu za matofali, sakafu ya udongo, na gari linalokuja mara moja kwa wiki likijaliwa, au baada ya siku kumi likiharibika. Gari linapofika siku ya nane, mabuu ya taka za mwanzo yameshatoka. Yako kwenye udongo chini ya matairi ya gari. Vijana wanapakia, ghuba linaonekana safi, mwenyekiti wa mtaa anaridhika, na siku mbili baadaye mtaa mzima umejaa nzi. Watu husema nzi wameletwa na mvua, au na mtaa wa jirani. Wamezaliwa palepale, mahali ambapo taka zilikuwa zimeshaondolewa.

Anayebisha achukue kijiti akachokoe udongo kuzunguka ghuba, sentimita tatu hadi kumi kwenda chini, hasa kwenye pembe za ukuta na chini ya mawe, ambako mvua haifiki. Atakuta pupa, yaani yale maganda ya kahawia yenye nzi ndani, zimelala kwa mafungu kama punje za mchele mwekundu. Zisome kwa rangi. Zilizo na rangi ya majani makavu zimeingia jana au leo. Nyekundu iliyokolea ni za siku mbili tatu. Zilizokaribia weusi zitatoka kesho. Zile nyepesi, zilizofunguka kifuniko upande mmoja, ni maganda matupu, na wenyewe wameshafika mezani kwenu. Uchunguzi huu wa dakika tano unamwambia bwana afya mambo mengi kuliko kikao cha asubuhi nzima.

Kinachofuata ni rahisi kukitaja na kigumu kukisimamia. Taka zinazooza ziondolewe mara mbili kwa wiki, na kati ya safari na safari isizidi siku nne. Jumatatu na Alhamisi, au Jumanne na Ijumaa. Siku ya nne mabuu mengi bado yako ndani ya taka, kwa hiyo yanapanda gari pamoja nazo. Ukisubiri siku ya saba umechelewa. Sakafu ya ghuba iwe ya zege, na mbele kuwe na kingo ya sentimita kumi au zaidi, ili mabuu yakitoka yasipate udongo wa kujifukia. Halmashauri isiyo na fedha ya zege, basi kila gari likiondoka udongo wa juu ukwanguliwe kwa koleo, sentimita tano, upakiwe pamoja na taka. Nimesikia hoja kwamba safari mbili ni gharama maradufu. Si kweli kwa ukamilifu, kwa sababu uzito wa taka ni uleule, ila unagawanywa. Kinachoongezeka ni mafuta na muda wa dereva, tena kwa miezi mitatu na nusu ya maembe tu, si mwaka mzima.

Dampo lenyewe lina kosa lake. Mahali pengi taka humwagwa na kuachwa wazi, au hufunikwa kwa udongo uliolegea. Nzi anapotoka kwenye ganda huwa na kifuko kwenye paji la uso, hukivimbisha na kukilegeza, na kwa kifuko hichohicho husukuma chembe za udongo akapanda juu. Udongo uliolegea wa sentimita 30 anaupenya. Unaomzuia ni ulioshindiliwa. Anayechimba shimo la taka nyumbani naye afuate hivyo: kila jioni amwage juu yake jivu au udongo wa vidole vitatu, na shimo likibakiza nusu mita alifunge kwa udongo mbichi alioukanyaga na kuupigapiga kwa jembe. Kokwa za maembe zikianikwa juani kwa kutawanywa, bila kurundikwa, hukauka na haziwi tatizo la mtu. Kosa ni kuzijaza kwenye kiroba, kukifunga na kukiweka kivulini. Joto na unyevu wa humo ndani ndivyo hasa buu anavyovitaka, na nzi hutaga hata kwenye mwanya mdogo wa fundo.

Wafugaji wa kuku mjini wamezoea kusingiziwa, lakini mara nyingine kweli wamo. Kuku mmoja wa mayai hutoa kinyesi kibichi cha gramu 100 hivi kwa siku, kwa hiyo banda la kuku 200 lina kilo 20 kila siku. Kinyesi chenyewe si lazima kizae nzi, kinategemea maji. Shika konzi ya matandazo, ikamue. Yakitiririka maji, nzi wanazaliana humo. Ikishikana na kuachia ukifungua kiganja, uko mpakani. Ikimomonyoka yenyewe, umesalimika. Nikienda kukagua banda lenye nzi siangalii kinyesi kwanza, naangalia vinywesheo. Mara nyingi ni chombo kimoja kinachovuja au kilichowekwa chini sana, kuku wanamwaga maji, na eneo la mita moja kukizunguka limeloa. Kiinue kilingane na mgongo wa kuku, ondoa maranda yaliyoloa, weka makavu. Wenye vizimba ambavyo kinyesi huanguka chini, msikwangue chote kwa mara moja. Acheni kina cha sentimita kumi cha kile cha zamani kilichokauka, kwa sababu humo mna vijidudu wanaokula mayai na mabuu ya nzi, na nyigu wadogo mno wanaotaga ndani ya pupa. Na tafadhali msipulize dawa juu ya kinyesi. Walaji hao wa mabuu wanakufa kabla ya buu.

Samadi inayosubiri kupelekwa shamba iwekwe kwenye lundo la mita moja kwenda juu na mita moja kila upande, ifunikwe nailoni nzito iliyobanwa na mawe pembeni. Katikati ya lundo joto hupita nyuzi 50 na hakuna buu linalovumilia hapo. Hukimbilia kwenye tabaka la nje. Kwa hiyo pindua kila baada ya siku nne au tano, la nje liingie ndani. Asiyepindua anapika katikati na kufuga pembeni.

Nije kwenye vyoo, maana hapo watu hulaumu sana na kurekebisha kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Zimbabwe, Peter Morgan na wenzake wa maabara ya Blair waliunda choo cha shimo chenye bomba la hewa. Walilinganisha aina mbili kwa siku 78: choo kisicho na bomba kilitoa nzi 13,953, chenye bomba kilitoa 146. Siri ni mwanga na upepo. Upepo unaopita juu ya bomba huvuta hewa na harufu kutoka shimoni, kwa hiyo nzi wa nje hufuata harufu mpaka juu ya bomba na kukuta wavu. Nzi wa ndani huufuata mwanga, nao hupanda bomba, hukwama kwenye wavu na kufa. Lakini masharti yake hayana huruma. Bomba la plastiki liwe na kipenyo cha milimita 150, lipite juu ya paa kwa nusu mita. Fundi anayeweka la inchi mbili kwa sababu ndilo lililobaki kwenye ujenzi ameweka pambo. Matundu ya wavu yasizidi milimita 1.2 kwa 1.5. Wavu wa chuma cha kawaida huliwa na hewa ya shimo upesi; tumia wa nyuzi za kioo zilizopakwa plastiki, au chuma kisichoshika kutu. Chumba kiwe na giza kiasi, maana ukiweka dirisha kubwa nzi huufuata mwanga wa dirisha na kuliacha bomba. Na choo cha namna hii tundu lake halifunikwi kabisa kwa kifuniko cha kubana, kwa sababu hewa itakosa njia ya kuingia. Mara moja kwa mwaka mwaga ndoo ya maji kutoka juu ya bomba, uondoe utando wa buibui.

Kibaya kuliko choo kibovu ni kinyesi cha watoto kilichoachwa uani. Yuko nzi mwingine, mdogo kidogo, apendaye kutua machoni na puani mwa watoto, ambaye huzaliana hasa kwenye kinyesi cha binadamu kilicho juu ya ardhi. Huyo ndiye anayehusishwa na trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kuleta upofu. Shimo lenye majimaji halimfai. Kinyesi cha mtoto kikichotwa na kutupwa chooni siku ileile, yeye hana pa kutaga.

Kwa wenzetu wanaouza matunda yaliyokatwa na mama ntilie, inafaa wajue nzi anafanya nini akitua. Ameshaonja kwa miguu kabla hajashusha mdomo, kwa kuwa vihisi vya ladha viko miguuni. Mdomo wake hauna meno wala sindano. Ni mrija unaoishia na kitu mfano wa sifongo chenye vifereji. Kitu kikavu hawezi kukila mpaka akiyeyushe, kwa hiyo hucheua tone la mate pamoja na alichokula kabla, huliacha kidogo, kisha hufyonza. Angalia waya wa taa ya kibandani: vidoa vyeusi ni kinyesi chake, vya rangi ya majani makavu ni alivyocheua. Kawa la ukili, au sanduku la kioo na wavu, ndiyo kinga. Feni inayopuliza juu ya meza nayo inasaidia kweli, kwa sababu nzi hapendi kutua kwenye upepo. Mifuko ya maji inayoning'inizwa mlangoni sijaona ikimfukuza hata mmoja. Anayepulizia samaki au matunda dawa ya wadudu ili yasitue nzi anawalisha wateja sumu, na afisa afya akimkuta asimwonee haya.

Mtego wa chupa unafaa ukiwekwa mahali pake. Chupa ya lita moja na nusu ikatwe kwenye mabega, sehemu ya juu igeuzwe kama faneli bila kifuniko na kurudishwa ndani, ibanwe kwa gundi ya karatasi. Chambo ni maji robo lita, vijiko viwili vya sukari, nusu kijiko cha chai cha hamira, utumbo wa samaki kidogo, na tone la sabuni ya maji ili nzi azame. Uning'inizwe nje, mita moja kutoka ardhini, hatua kumi au zaidi kutoka jikoni, upande wa ghuba. Wengi huutundika juu ya meza ya chakula, kisha wanashangaa nzi wameongezeka. Umeshawaita. Umwagwe na kujazwa upya kila baada ya siku tano, la sivyo mizoga juu ya maji itazaa mabuu. Katika kambi za jeshi za Israeli mwaka 1988 na 1989, mitego ya chambo iliyosimamiwa vizuri ilipunguza nzi kwa asilimia 64 na wagonjwa wa kuhara waliofika zahanati kwa asilimia 42. Neno la kushika hapo ni kusimamiwa.

Sisemi dawa ya kupuliza haina kazi. Katika vijiji vya Pakistani, utafiti uliochapishwa 1999 ulionyesha kuwa kupuliza mfululizo msimu wa nzi kulipunguza kuhara kwa watoto kwa asilimia 23. Lakini walirudia na kurudia, hawakupita mara moja na kupiga picha. Hapa kwetu, Kongwa mkoani Dodoma, utafiti uliochapishwa 2006 ulipuliza dawa kwa nguvu mwaka mzima baada ya watu kugawiwa dawa ya trakoma. Nzi walipungua, ila trakoma kwa watoto ilibaki karibu sawa na maeneo yasiyopuliziwa. Tena nzi ni hodari wa kuzoea sumu. DDT ilianza kumshinda huko Sweden na Italia mwaka 1946, miaka michache tu baada ya kuanza kutumika. Kupuliza dozi hafifu kila mara, dawa ileile, kunawaua walio dhaifu na kuwaachia mtaa walio sugu. Dalili zake zinaonekana kwa macho: nzi anaanguka, anazunguka kwa mgongo, na baada ya nusu saa anasimama na kuruka.

Kwa hiyo ombi langu kwa halmashauri ni gari mara mbili kwa wiki kuanzia katikati ya Oktoba, kabla maganda hayajaanza, mpaka mwisho wa Januari, na ratiba ibandikwe kwenye kila ofisi ya serikali ya mtaa ili wananchi wajue siku gani ya kutoa taka na siku gani ya kuuliza. Kila ghuba lihesabiwe nzi kwa njia nyepesi: weka ubao mweupe wa nusu mita chini, subiri watulie, hesabu wanaotua kwa sekunde 30, rudia mara tano sehemu tofauti, andika wastani. Mkifanya hivyo kila Ijumaa saa nne asubuhi, baada ya mwezi mtajua kama kuna kinachopungua. Na ikiwa bomba la dawa litapita hata hivyo, basi lipulize kuta za ghuba na mapaa ya vibanda vya jirani jioni nzi wanapotulia, siku ileile gari limeondoka, si siku tatu baadaye.

Bwana afya mstaafu,
Tabora